Kwaresima ya Mwenye Bucha

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Wengine wanafunga nyama, wengine wanafunga bia. Mimi padre kaniambia nifunge kufoka. "Serafina, ulimi wako unawasha kuliko pilipili." Haya. Mdomo nitaufunga mpaka Pasaka, ila mkono sikuahidi. Kila kitakachonikaa kooni nitakiandika humu, kwenye kurasa zilizobaki za daftari la binti yangu Dorah la mwaka jana.

Na siku yenyewe haijaisha, tayari ninacho. Mume wangu Valerian katoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, kaenda moja kwa moja kufungua bucha. Nyama hali mpaka Pasaka, lakini kuuza anauza. Waislamu wako kwenye Ramadhani wanataka ya futari, walokole hawana habari na Kwaresima, na huku Nyahanga watu wanakula. Nilimwona anakata mbavu za watu na majivu yake usoni, ametulia kama yuko sakristia.

Tena huyu bwana hajawahi kuchinja. Ng'ombe wa kuuza kwetu anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale, na pale machinjioni mchinjaji ni Mzee Mrisho. Valerian ananunua mnadani, Mrisho anachinja, Valerian anauza. Hata kuku wa nyumbani, siku ya kuku yeye hutoka nje kuongea na simu. Akirudi kuku yuko sufuriani, anauliza kama chumvi imekolea.

Upande wa pili wa ukuta ni duka la nafaka la Mama Karan, jina lake Kantaben, mjane wa Kihindi mwenye fremu hizi zote za maduka, yetu ikiwemo. Huyu naye! Hali nyama, hali samaki, hali yai, hata kitunguu hagusi. Wateja wanamlilia panya wamewamaliza, sumu hauzi. Sisimizi anawamwagia sukari kwenye msingi, halafu sisimizi haohao wanahamia kwenye banda langu la supu. Leo kaniita: "Mama Dorah, mvua ikinyesha damu yenu inapita mlangoni kwangu." Nikameza mate nikasema samahani. Siku ya kwanza ya mfungo, jamani!

7 Machi, Ijumaa

Mvua. Supu imedoda.

9 Machi, Jumapili

Nilikuwa najua. Kichefuchefu cha asubuhi nikakisingizia maharage. Leo nimenunua kipimo duka la dawa, mistari miwili.

Nina hasira. Nilipomzaa Eliya, huyu wa mwisho, moyo wangu ulipanuka. Maji yalijaa kwenye mapafu, nikawa nalala nimekaa, Dorah mdogo vile akawa ananishikia beseni nikikohoa. Daktari Chacha aliniambia, "Mama, hapa ndiyo mwisho. Usizae tena." Nikataka kuweka kijiti cha kuzuia mimba. Valerian akasema Kanisa halikubali, tutahesabu siku. Akabandika kalenda ukutani, akawa anazungushia duara kwa kalamu nyekundu. Basi hesabu yake ndiyo hii iko tumboni kwangu.

11 Machi, Jumanne

Nimetoka hospitali. Daktari Chacha kaniweka kwenye mashine, kaangalia moyo kwenye kioo muda mrefu. Halafu akavuta kiti akakaa karibu yangu. Daktari akishavuta kiti, ujue.

"Mama Dorah, moyo haujarudi hali yake. Mimba hii ikikua, sioni utakavyofika nayo mwisho ukiwa hai. Siwezi kukudanganya."

"Sasa?"

"Bado ni changa. Sheria inaruhusu kuitoa pale inapokuwa ni kuokoa maisha ya mama, na wewe ndiye huyo. Tutakaa madaktari wawili, tutaandika. Lakini usichelewe. Na njoo na mumeo, niongee naye."

 Nina watoto watatu. Dorah yuko darasa la sita, Cornel la pili, Eliya bado anakojoa kitandani. Nimekaa kwenye benchi la nje nikawaza nani atamfulia Eliya magodoro, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

12 Machi, Jumatano

Nimemwambia. Kalia. Sitamsingizia, Valerian kalia kweli, kanishika mikono, kaniita Sera kama zamani. Halafu akapiga ishara ya msalaba.

"Mimi siwezi kusema ndiyo kwa jambo hilo, Mama Dorah."

"Basi sema hapana, nijue moja."

"Hapana nayo siwezi. Tumwachie Mungu."

"Na daktari anataka uje."

"Nikienda pale nitakuwa nimeshiriki. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya."

Hivi mtu unapigana naye vipi huyu? Angenipiga kofi ningejua pa kuanzia. Leo amenichotea maji mwenyewe, amenimenyea na chungwa. Nimelila nikiwa na hasira nalo.

15 Machi, Jumamosi

Sala ya jumuiya ilikuwa kwa Eunice, katibu wetu. Somo akasoma Eunice, ufafanuzi akatoa Valerian. Akaongelea nini? Uhai! "Ndugu zangu, uhai ni uhai tangu unapotungwa. Hakuna mwenye mamlaka ya kuutoa." Amina, amina. Nilikuwa mkekani mbele yake, pumzi inanibana, nikamkazia macho. Akaangalia dirishani.

Baadaye Eunice katuletea chai na vitumbua. Akaniuliza mbona nimevimba miguu. Nikasema mvua.

18 Machi

Miguu ileile. Nimeanza kulala na mito mitatu.

20 Machi, Alhamisi

Niandike hili taratibu nisiruke kitu.

Mimi huwa nafika machinjioni kunapokucha kuchukua utumbo na kongoro za supu. Leo nimekuta Valerian na Mzee Mrisho wanabishana. Ng'ombe mwekundu amefungwa kamba, tumbo hilo. Mrisho alikuwa amempapasa ubavuni.

"Baba Dorah, huyu ana mimba. Tena kubwa, anacheza."

"Aliyeniuzia mnadani kasema tasa. Hilo tumbo la majani."

"Majani hayapigi teke. Mrudishe. Mimi nimefunga, sitaki kuanza siku yangu namna hii."

"Mzee wangu, wateja wananingoja. Kesho Ijumaa Wakristo hawali, nisipouza leo nauza lini? Na bwana mifugo hajafika, akifika atazuia. Wewe chinja."

Mrisho akaniangalia mimi. Sijui kwa nini aliniangalia mimi. Halafu akapiga bismillahi. Na mume wangu? Akatoka nje na simu sikioni! Simu haikuita, naapa. Alisimama kwenye matope, mgongo ameugeuzia mlango, anasema "haloo, haloo" peke yake.

Walipofungua tumbo ndama akatoka amekamilika. Kwato anazo, kope anazo, manyoya yamelala vizuri kabisa. Akafungua mdomo mara mbili pale kwenye sakafu.  Mrisho akaweka kisu chini, akaenda kunawa, akawa ananawa tu haachi. Ndama akanyamaza mwenyewe. Wakambeba kwenye kiroba wakamtupa kwenye shimo la taka nyuma ya fremu zetu.

Valerian akaingia simu imekwisha. "Tayari?" Ndivyo alivyouliza. "Tayari?"

Jioni, watoto wakiwa nje, nikamwambia: Valerian, leo umeua wawili. Akaniangalia kama nimetukana. "Mimi? Mimi sikushika kisu. Kachinja Mrisho."

"Aliyemlazimisha ni nani?"

"Sera, yule ni ng'ombe. Unamlilia ng'ombe?"

Ng'ombe simlilii! Supu ya huyohuyo ng'ombe nimeipika, nimeiuza, na bakuli moja nimekunywa mwenyewe kwa limao, ilikuwa tamu. Mimi nyama nakula na nitakula. Ninachokasirikia ni ule mgongo. Atasimama nje vilevile mimi nikifa, haloo, haloo, halafu ataingia aulize kama tayari. Na jumuiya itampa pole kwa kuwa hakushika kisu.

21 Machi, Ijumaa

Mama Karan kafungua duka saa nne, macho mekundu. Kumbe mbwa walimtoa yule ndama shimoni, kamkuta mlangoni kwake. Kamfukia yeye na mwanawe Karan, na shada la maua juu. Majirani wanacheka. Mimi wiki mbili zilizopita ningecheka kuliko wote.

24 Machi, Jumatatu

Nimekwenda kwa Mama Karan. Nilijiambia, huyu mama walau si mnafiki, acha nimwage moyo wangu hapa. Nikamweleza yote, daktari, moyo, Valerian, mpaka kalenda. Alisikiliza huku anapepeta choroko, mkono ukasimama.

Nikasema, "Sasa wewe unasemaje, Mama Karan?"

"Unataka nikubaliane na wewe?"

"Nataka ukweli."

"Kwangu mimi ni roho. Yule ndama roho, huyo wa tumboni kwako roho. Siwezi kusema vingine kwa sababu ni wewe."

Khaa! Nikasimama. Nilimfuata mwenye huruma, nakutana na kanisa la pili! Nikamwambia, "Sawa. Na fremu ya bucha umetupangisha nani? Kodi ya nyama si unaipokea kila mwezi, unanunulia choroko zako? Damu ikipita mlangoni unalalamika, kodi ikipita unaifungulia droo."

Akaweka ungo chini. Kisha akasema polepole, "Marehemu ndiye aliyewapangisha. Lakini ni kweli, mimi sikuwatoa."

Nikaondoka bila kuaga. Sasa hivi nimetulia kidogo nafikiri. Nimemkasirikia, ndiyo, lakini si kama ninavyomkasirikia Valerian. Huyu alilolisema anaishi nalo. Anajinyima mchuzi wa samaki maisha yake yote kwa ajili ya hilo neno roho. Mume wangu neno hilohilo halijamnyima hata mfupa, zamu ya kulilipia imefika kwangu. Ila ukija kwenye jambo langu, mwenye msimamo na asiye na msimamo wote wanasema nife. Wanatofautiana lafudhi tu.

25 Machi, Jumanne

Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Valerian kasoma masomo. Mimi sikwenda, ngazi za kanisa zimenishinda.

27 Machi

Nimeshindwa kumbeba Eliya. Kalia, "Mama nibebe," nikakaa chini nikamwambia aje yeye. Dorah ametuangalia. Hajauliza kitu, kachukua sufuria kaenda kupika. Anajua. Anakumbuka beseni.

29 Machi, Jumamosi

Nimevunja mfungo. Nimefoka, tena nimefoka vizuri.

Jumuiya ilikuwa kwetu. Maombi yalipofika, Valerian akainamisha kichwa akasema, "Tuwaombee akina mama wanaoshawishika kutoa uhai, na hata humu ndani tunapojaribiwa, Bwana atutie nguvu." Humu ndani! Watu wakageuka. Eunice akaniangalia tumbo. Mume wangu, ambaye hospitali hakwenda asije akashiriki, kaenda kunitangaza kwenye maombi!

Nikasimama. Nilishika ukuta maana kizunguzungu.

"Subirini kwanza amina. Alhamisi ya wiki iliyopita nani hapa alinunua nyama bucha yetu? Eunice? Wewe mzee wa kwaya? Ilikuwa laini, eeh? Ile nyama ilikuwa ya mama mwenye ndama aliyekamilika tumboni. Nimemwona anatafuta hewa kwenye sakafu. Mwenyekiti wenu aliambiwa, akasema chinja, akatoka nje na simu isiyoita."

"Sera, kaa chini," Valerian akasema.

"Sikai! Kula mlikula, na mimi nilikula, sihukumu mtu. Ila msiniletee uhai, uhai, kama kitu mnachokiogopa kila siku. Mnakiogopa kikiwa tumboni kwangu tu. Daktari kasema nitakufa. Haya, anayetaka nifie huu msimamo anyooshe mkono, na akishanyoosha aniambie kati ya Dorah, Cornel na Eliya anachukua yupi."

Hakuna aliyenyoosha. Eunice akasema kwa sauti ndogo, "Lakini dada, binadamu na ng'ombe si sawa."

Nikamwambia, "Hapo umenena. Binadamu na ng'ombe si sawa. Na mimi ndiye binadamu mnayemwangalia, niko hapa, nina jina." Nikaingia chumbani. Nikawasikia wanamalizia Salamu Maria kwa haraka, halafu wanatafuta viatu.

31 Machi, Idi

Mzee Mrisho katuletea sahani ya pilau. Kaniambia kwa kunong'ona, "Mama Dorah, wewe pona." Kaondoka kabla sijajibu.

2 Aprili, Jumatano

Asubuhi mvua kubwa. Nilikuwa nimejifunga kanga mbili, nasubiri bodaboda ya kwenda hospitali peke yangu, nimeshaamua. Gari la Karan likasimama. Mama Karan yuko nyuma, na chupa ya chai mapajani.

"Panda."

"Mama Karan, si ulisema ni roho?"

"Nimesema, na bado nasema. Leo nimefunga kwa ajili yake." Akanitazama. "Lakini ulinisema juu ya kodi, nikakaa nayo wiki nzima, jibu sikupata. Nikiwaachia wengine wafanye, mimi nibaki msafi, basi mimi na mumeo tofauti yetu nini? Mvua inaingia garini, panda."

Nikapanda.  Hospitali Daktari Chacha akauliza, "Mume yuko wapi?" Nikasema hakutaka kuja. Akakuna kichwa, akasema, "Mgonjwa ni wewe. Saini ni yako." Daktari wa pili akaja, wakaandika. Penye ndugu wa karibu nikakwama na kalamu. Mama Karan akaivuta karatasi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Sikusikia maumivu makubwa. Nimelia, na sitaki mtu anifafanulie nililia nini. Nilipozinduka alikuwa amekaa palepale, midomo inacheza kwa dua za kwao. Hakuniambia nimefanya vizuri. Hakuniambia nimefanya vibaya. Kanishikia beseni.

4 Aprili, Ijumaa

Nimeruhusiwa. Dorah kanikumbatia kiunoni, hataki kuniachia mpaka nimemtania kwamba nitamlipisha.

5 Aprili, Jumamosi

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa, yamenolewa. Valerian akaingia chumbani na uji, umetiwa karanga, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Akashusha pumzi. Ndefu, jamani, ya mtu aliyetua gunia. Uso wote ukafunguka. Akanishika mguu, akaona uvimbe unapungua, machozi yakamtoka ya furaha. "Mungu mkubwa. Sera, nilikuwa sili, silali. Nilikuwa naomba usiku na mchana upate njia." Halafu akakaza sauti: "Ila mimi sikusaini. Hilo Mungu analijua. Mimi sijui lolote."

Niliuweka uji chini. Maana hapo ndipo nimeelewa, na afadhali angeendelea kunipinga mpaka mwisho. Valerian hakutaka nife. Alitaka itolewe kama nilivyotaka mimi, tangu siku ile alipolia. Alikuwa anatafuta wa kumfanyia! Alisimama nje ya mlango na simu yake, akaniachia mimi kazi ya Mrisho. Maombi yote yale mbele ya watu, huku ananiacha nihangaike na pumzi wiki tatu, yalikuwa haloo, haloo.

Sikumfokea. Nilimwambia achukue uji wake atoke.

13 Aprili, Matawi

Jumuiya hawajaja kuniona. Nimepanda ngazi za kanisa mwenyewe, nikasimama nyuma. Pumzi ipo.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Bucha imefungwa. Nimefua magodoro.

20 Aprili, Pasaka

Valerian kaalika viongozi wa jumuiya chakula cha mchana. Nadhani alitaka kusafisha jina. Mbuzi kachinjwa na Mrisho, mimi nimepika pilau na mchuzi, na sahani ya dengu pembeni kwa ajili ya Mama Karan, ambaye nilimwalika mimi. Valerian alikunja uso alipomwona, akakunjua haraka.

Watu wakakaa. Eunice hakuwa na pa kuweka macho. Kabla ya kula Valerian akasimama kuombea chakula, akaanza vizuri, ufufuko, familia, mvua za mwaka huu. Halafu akasema, "Na tunakushukuru Bwana kwa kumponya Mama Dorah. Kama ndugu zangu mlivyosikia, mambo yale yalimalizika yenyewe. Mimba iliharibika, mapenzi yako yakatimia." Nikaona mabega ya watu wote yanashuka. Eunice akasema pole dada, kwa upendo kabisa. Kila mtu alikuwa amepata mlango wa kutokea, hata mimi, ningetaka.

Dorah alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Ananiangalia.

Nikasema, "Haikuharibika."

Valerian hakufumbua macho. "Mama Dorah, tuko kwenye sala."

"Ndiyo maana nasema. Haikuharibika yenyewe na msimsingizie Mungu. Niliitoa. Madaktari waliandika, Mama Karan alinipeleka akiwa hakubali, na aliyesaini ni mimi, Serafina, nikiwa na akili zangu. Anayetaka kunitenga anitenge kwa hilo, si kwa jingine."

 Nikachukua upawa, nikajipakulia mimi kwanza, paja lenye mafuta, nikampakulia na Dorah. Mama Karan akavuta sahani yake ya dengu.

"Kuleni," nikawaambia. "Nyama inapoa."